Kutembea China kwa treni: reli, miji ya zamani, na watu waliosoma

Ndugu zangu wadiplome, tangu nirudi kutoka masomo kule China, wadogo wetu wanaotafuta burse wananiuliza swali moja: mwanafunzi anaweza kutembea ile inchi kubwa vile bila kumaliza feza ya mwezi? Jibu ni ndiyo, na njia yenyewe ni treni. Leo ninataka kueleza namna ya kufanya, kwa mtu mwenye mfuko kama wetu. Nitapitia njia moja tu ambayo niliifanya wakati wa likizo: Beijing, Datong, Pingyao, Xi'an. Iko yote upande wa kaskazini, na ndani yake kuna miji ya zamani kabisa.

Lakini kuna jambo la pili, na ndilo limenisukuma kuandika hapa na si kumtumia kila mmoja ujumbe. Katika ile njia, karibu kila mahali nilipoteremka, nilikuta nyayo za mtu aliyesoma sawa sisi: mwenye diploma, mwenye michoro mkononi, aliyesimama mbele ya wakubwa na kusema "tufanye hivi, tusifanye vile." Mmoja alisikilizwa. Mwingine hakusikilizwa. Na mji wenyewe unaonyesha mpaka leo nani alishinda.

Tuanze na treni. Kila treni ya China iko na herufi na namba. G ndiyo ya mbio kabisa. Nyingi zinaenda kilomita 300 mpaka 350 kwa saa. D nayo ni ya mbio, lakini chini kidogo. K ndiyo ya watu wa kawaida: inaenda polepole, inasimama mahali pengi, na bei yake mara nyingi haifiki nusu ya bei ya G. Ndani ya K kuna viti vigumu, ambavyo ndivyo bei ya chini, na kuna vitanda. Kitanda cha bei nafuu kinapangwa vitatu, kimoja juu ya kingine: cha chini kina bei zaidi, cha juu kabisa ndicho cha mwanafunzi. Ukilala huko juu, dari iko karibu na pua, lakini usiku unapita, asubuhi umefika, na hukulipa hoteli. Hesabu ya mwanafunzi ni hiyo.

Tikiti inauzwa kwa jina lako na namba ya paspoti. Wanafungua mauzo siku 15 mbele ya safari, kwa telefone au kwenye dirisha la stesheni. Siku ya safari, mwenye kitambulisho cha Kichina anakigusisha kwenye mashine, mlango unafunguka. Sisi wenye paspoti za Kongo, mara nyingi tunapita pembeni, kule mfanyakazi anaangalia paspoti kwa macho. Kwa hiyo fika mapema. Mizigo inapita kwenye mashine, visu haviruhusiwi, na mlango wa kwenda kwenye treni unafungwa dakika chache mbele ya saa ya kuondoka. Ile treni haimngojei mtu, hata awe mheshimiwa.

Mambo matatu tena ya kushika. Kwanza, usisafiri wakati wa Sikukuu ya Machipuko, ile Mwaka Mpya wao, wala wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi. Inchi nzima inatembea, tikiti zinaisha, na miji ya zamani inajaa mpaka huoni ukuta. Pili, kila treni iko na maji ya moto ya bure. Beba kikombe, chai, na tambi za kuloweka, na njaa haitakupata. Tatu, jua jina kamili la stesheni. Mji mmoja unaweza kuwa na stesheni tatu ao ine, na ile ya treni za mbio mara nyingi imejengwa mbali na mji. Xi'an, kwa mfano: stesheni ya zamani iko karibu kabisa na ukuta wa mji, lakini ile ya Kaskazini iko mbali, inakubidi kuchukua metro.

Na watu? Watu watakuangalia, tusifichane. Katika treni za K, mama mmoja aliniletea machungwa, mtoto wake akataka kugusa nywele zangu, baba akaomba picha. Siku zingine inachosha. Lakini viti vigumu ndivyo vilinifundisha Kichina kuliko darasa, sababu pale hakuna mtu wa kukutafsiria, na safari ni ya masaa mengi.

Bon, sasa twende Beijing.

Stesheni ya Beijing ya katikati ya mji ilijengwa mwaka wa 1959. Ukitoka pale, tembea kwa miguu kidogo upande wa mashariki, utakuta kipande cha ukuta wa matofali ya rangi ya majivu, urefu wake kama kilomita moja na nusu, na mnara mkubwa kwenye pembe. Leo ni bustani. Wazee wanafanya mazoezi, vijana wanapiga picha za harusi. Ni pahali pazuri, lakini ni mabaki tu, sababu ukuta huo zamani ulizunguka mji wote.

Hapa ndipo mtu wa kwanza anapotokea. Anaitwa Liang Sicheng. Alisomea ujenzi katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, miaka ya 1920, pamoja na bibi yake Lin Huiyin. Waliporudi, hawakukaa ofisini. Walitembea vijiji na milima, mara kwa treni, mara kwa punda, wakipima mahekalu ya zamani kwa kamba na kuyachora moja moja. Mwaka wa 1937, katika mlima Wutai, walithibitisha kwamba jumba moja la mbao lilijengwa mwaka wa 857. Kabla ya hapo kuna wataalamu wa kigeni waliosema majengo ya mbao ya umri huo hayabaki tena China, yamebaki Japani tu.

Mwaka wa 1950, serikali mpya ilipokuwa inatafuta mahali pa kuweka ofisi zake, Liang na mwenzake Chen Zhanxiang waliandika pendekezo: acheni Beijing ya zamani ndani ya ukuta wake, jengeni mji wa serikali pembeni, upande wa magharibi. Walikataliwa. Kidogo kidogo milango na kuta vikabomolewa, na miaka ya 1960 sehemu kubwa iliyobaki iliondolewa ili metro ipite chini yake. Leo ukipanda metro ya laini ya 2 inayozunguka katikati ya mji, unazunguka pale ukuta ulipokuwa. Majina ya stesheni nyingi yanamalizika kwa neno "men", maana yake mlango. Milango yenyewe, karibu yote haiko tena. Nilikuwa ninasikia spika inataja mlango huu, mlango ule, na kila mara ninatoka juu ninakuta barabara na magari tu.

Kutoka Beijing kwenda Datong, treni ya mbio inachukua kama masaa mawili. Inapita chini ya milima ya Ukuta Mkubwa, na stesheni ya Badaling imechimbwa zaidi ya mita 100 chini ya ardhi. Reli hii ilifunguliwa mwisho wa mwaka wa 2019. Lakini juu yake kuna reli nyingine ya zamani, na mwenye kupenda mambo haya achukue treni ya polepole inayokwenda Badaling, apite pale Qinglongqiao. Pale treni inapanda mlima kwa namna ya ajabu: inaenda mbele, inasimama, kisha inarudi kinyumenyume kwenye njia nyingine ya kupanda, sawa mtu anayeandika herufi V. Pembeni kuna sanamu ya mtu mwenye koti. Ni Zhan Tianyou.

Huyu, ndugu zangu, kila mwenye burse angepaswa kumjua. Mwaka wa 1872 serikali ya kifalme ilianza kutuma watoto wa kiume Marekani kusoma. Kwa miaka mine walitumwa 120, kila mwaka 30. Zhan alikuwa katika kundi la kwanza, na alikuwa hajafika hata miaka 12. Alimaliza uenjenia katika chuo cha Yale mwaka wa 1881. Mwaka ule ule serikali iliwarudisha wote nyumbani, wengi bila kumaliza, kwa kuogopa kwamba wamekuwa wazungu. Na Zhan, mwenye diploma ya reli mkononi, walimweka wapi? Kwenye shule ya jeshi la maji, Fuzhou. Miaka saba ikapita. Mwaka wa 1888 tu ndipo aliingia kazi ya reli, na alianzia chini.

Ninapoeleza hii kwa wenzangu, wanacheka, sababu tunaijua. Ni nani kati yetu hana rafiki aliyesomea jiolojia na leo anauza kredi ya telefone?

Zhan hakulala. Mwaka wa 1905 alipewa kazi ya kujenga reli ya Beijing mpaka Zhangjiakou, kama kilomita 200, katikati ya milima ile. Ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo kuchorwa na kujengwa na Wachina wenyewe, bila enjenia wa kigeni. Kwenye tunnel ya Badaling, yenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, alichimbisha shimo kutoka juu ya mlima, ili wafanyakazi waweze kuchimba sehemu mbalimbali kwa wakati mmoja, si kwenye vichwa viwili tu. Ule mchoro wa V ulimpunguzia urefu wa tunnel. Mwaka wa 1909 kazi iliisha, mbele ya wakati uliopangwa.

Sisi wa Kongo tuko na sababu yetu ya kusimama kidogo mbele ya sanamu ile. Reli ya Matadi mpaka Kinshasa ilijengwa kati ya mwaka wa 1890 na 1898, na watu wengi sana walikufa pale. Kati yao walikuwemo Wachina: mwaka wa 1892 waliletwa mia tano na zaidi kutoka Macau kama vibarua, na wengi wao hawakurudi. Katika miaka hiyo hiyo, Zhan alikuwa kwao anajenga daraja la reli juu ya mto Luan, pale mafundi wa kigeni walikuwa wameshindwa kuweka misingi. Wachina wale wale, wakati ule ule: mmoja anakufa kama kibarua kwenye reli ya mwingine, mmoja anachora reli yake mwenyewe. Tofauti ilikuwa nini? Si akili. Mmoja alipelekwa shuleni, na mwishowe alipewa kazi ile aliyosomea.

Datong ni mji wa makaa ya mawe. Kiwanda chake kilitengeneza treni za moshi mpaka mwaka wa 1988, wakati inchi nyingi zilikuwa zimeacha zamani. Watu wanakuja kwa ajili ya mapango ya Yungang, pembeni ya mji. Kuanzia mwaka wa 460, watu walichonga sanamu za Buddha ndani ya mwamba: ziko zaidi ya 51,000, zingine ndogo kama kidole, zingine ndefu kama nyumba ya orofa kadhaa. Panga siku nzima. Basi ya mji inafika.

Ndani ya mji wenyewe utaona ukuta mkubwa, mzuri, umenyooka, matofali safi. Usidanganyike. Ukuta wa Datong ulikuwepo tangu mwaka wa 1372, lakini ule ulio mbele yako umejengwa upya karibu wote. Kati ya mwaka wa 2008 na 2013, meya wa wakati ule aliamua kurudisha mji wa zamani ili watalii waje. Nyumba za watu maelfu zilibomolewa, familia zikahamishwa, na pahali pao zikasimamishwa nyumba za "zamani" mpya. Wako watu wa Datong wanaomsifu, sababu mji ulikuwa mweusi kwa vumbi na leo unapendeza. Wako wanaolia kwa ajili ya nyumba zao. Mimi nilitembea jioni katika njia zile, taa nyekundu zinawaka, na milango mingi ilikuwa imefungwa. Ilikuwa sawa nyumba iliyopakwa rangi ya kungoja wageni, wenyewe hawamo.

Kutoka hapo nilichukua treni ya K kuelekea kusini, kwenda Pingyao, ndani ya jimbo lile lile la Shanxi. Reli hii ilijengwa miaka ya 1930 na mtawala wa jimbo, tena kwa njia nyembamba ya mita moja, kisha ikapanuliwa. Sisi tunaozijua reli nyembamba za Katanga tunaelewa hesabu yake: njia nyembamba ni rahisi kujenga, lakini haiungani na ya jirani, mzigo unashushwa na kupakiwa tena.

Stesheni ya zamani ya Pingyao iko karibu na ukuta, unafika kwa miguu. Ile ya treni za mbio iko nje ya mji, utapanda basi. Ukuta unazunguka mji kwa kilomita kama 6. Umbo lake la leo lilianza mwaka wa 1370, na huu ni wa kweli. Ndani kuna njia nyembamba, nyumba za matofali zenye viwanja vya katikati, na watu wanaoishi humo: unasikia televizio, unaona nguo zimeanikwa, mzee anasukuma baiskeli.

Usikose nyumba ya Rishengchang. Ilianza kazi yake ya feza mwaka wa 1823. Zamani mfanyabiashara alikuwa anabeba silva kwenye magari ya farasi, na wezi njiani. Rishengchang ikasema: weka silva yako hapa, chukua karatasi hii, uende Beijing, tawi letu litakupatia silva kule. Ni kazi ile ile ya wakala wetu wa kutuma feza, wa Lubumbashi mpaka Kinshasa, isipokuwa wao hawakuwa na telefone. Kwa kuzuia karatasi za uongo, walikuwa na siri: tarehe na kiasi viliandikwa kwa herufi za maneno ya mashairi, na herufi zile zilibadilishwa kila mara. Karne ya 19, mji huu mdogo ulishika feza za inchi nzima. Kisha zikaja benki za kisasa, mapinduzi ya mwaka wa 1911 yakaangusha ufalme, na mwaka wa 1914 Rishengchang ikafilisika.

Kumbe umaskini ndio uliochunga Pingyao. Hakukuwa na feza ya kubomoa. Lakini miaka ya 1980 ilipofika na uchumi kufunguliwa, wakubwa wa pale nao wakataka barabara pana na mzunguko wa magari katikati. Kubomoa kulikuwa kumeanza upande wa magharibi. Ndipo akaja Ruan Yisan, mwalimu wa chuo cha Tongji cha Shanghai. Mwaka wa 1981 alileta wanafunzi wake kumi na kitu, likizo, wakalala pahali pabaya, wakapima mji na kuandika mpango mwingine: mji wa zamani ubaki, mji mpya ujengwe nje. Ni wazo lile lile ambalo Liang alikataliwa Beijing miaka 30 mbele. Safari hii, mwalimu alipanda treni mpaka Beijing, akawatafuta wataalamu wenye sauti, wakaja, wakaona, mpango ukakubaliwa. Mwaka wa 1997 UNESCO iliandika Pingyao katika urithi wa dunia.

Leo Pingyao inakula kutokana na ule ukuta. Si kwamba kila kitu ni kizuri. Njia kubwa zimejaa maduka ya siki na zawadi, na wenyeji wengi wamehamia nje. Na mwezi wa kumi wa mwaka wa 2021 mvua kubwa iliangusha kipande cha ukuta. Kuchunga si kazi ya siku moja, ni kila mwaka, tofali kwa tofali. Lakini mtu wa pale anaweza kumwonyesha mtoto wake mlango wa nyumba ya babu, na kweli ni ule mlango.

Kutoka Pingyao kwenda Xi'an ni kama masaa matatu kwa treni ya mbio. Hapo wengi wanakimbilia askari wa udongo, waliogunduliwa na wakulima waliokuwa wanachimba kisima mwaka wa 1974. Nendeni, inafaa. Lakini jioni mpande juu ya ukuta wa mji. Urefu wake unakaribia kilomita 14, na unaweza kukodi baiskeli na kuuzunguka wote. Nao ulitaka kubomolewa miaka ya 1950. Wako waliopinga, na mwaka wa 1961 ukaingia kwenye orodha ya kwanza ya urithi wa taifa. Chini yake magari yanapita kwenye milango, metro inapita, vijana wanacheza muziki. Mji mkubwa, wa kisasa kabisa, na ukuta haukuuzuia kuendelea. Ile hoja kwamba lazima kuchagua, ao maendeleo ao mambo ya zamani, Xi'an inaijibu kila siku.

Sasa ninarudi kwetu. Hakuna mtu ananiambia kwamba tunakosa ya kuchunga. Ziko stesheni za zamani kando ya reli zetu, ziko nyumba za kambi, masoko, misioni, na nyumba za udongo za wakubwa wa kimila. Nyingi hazina hata mchoro mmoja. Zikianguka kesho, hatutajua zilikuwa na milango mingapi. Na sisi kila mwaka tunaandika TFC na memwar kwa maelfu, tunafunga kwa jalada zuri, tunatetea mbele ya jury, kisha zinalala kwenye kabati na panya.

Wanafunzi wa Ruan hawakuwa na feza. Walikuwa na mita ya kupimia, penseli, na likizo moja. Kundi la wanafunzi wa ujenzi, wa historia na wa sheria linaweza kuchagua avenii moja ya mji wao, kupima nyumba zake, kuwahoji wazee, na kuweka kazi mbele ya meya siku ile tingatinga bado halijafika. Labda mutakataliwa, sawa Liang. Lakini michoro yake ilibaki, na leo wanaotengeneza mahekalu aliyoyapima bado wanaifungua.

Na wewe mdogo wangu unayengojea burse: ukifika kule, nunua tikiti ya K, kitanda cha juu, na beba kikombe chako cha maji ya moto. Ukifika kwenye mji wa zamani, usiulize tu umejengwa mwaka gani. Uliza nani alikataa usibomolewe.